Sentensi Niliyoifuta

Kila Ijumaa jua linapozama, mimi huchapa orodha na kuibandika kwenye mlango wa maktaba. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa miaka mitatu haikumdhuru mtu.

Mji wetu wa Potrero Yvate, huku Paraguay, hauna mtandao wa kutegemewa, kwa hiyo maktaba ilipewa kisanduku cheusi, kikubwa kama tofali. Ndani yake mna nakala ya ensaiklopidia ya mtandaoni kwa Kiguarani. Mawimbi yake yanafika hadi uwanjani. Unakaa kwenye benchi, unafungua simu, unasoma bure. Kisanduku hakijui wewe ni nani. Kinachojua ni ukurasa gani umefunguliwa, na mara ngapi. Anayehariri kurasa hizo ni mimi, Zunilda Riquelme, mkutubi, mwenye shahada kutoka Asunción na hasira za kudumu dhidi ya watu wanaojifanya wanajua. Kila Ijumaa natoa orodha ya kurasa kumi zilizosomwa zaidi.

Watu walikuja kuisoma ile orodha kama wanavyokwenda kwenye umbea. Uwaulize ana kwa ana, watakwambia wanapenda historia ya vita na maisha ya watakatifu. Kisanduku kilisema bawasiri. Bawasiri ilishika nafasi ya pili kwa miezi minne, na wanaume wa mji wakawa wanasimama mbele ya mlango wakiibiana macho, kila mmoja akijaribu kukumbuka nani siku hizi anakaa upande. Mwimbaji akifa, jina lake linapanda. Mchezaji akihama timu, anapanda. Wiki moja ikapanda "Kuoa binamu", na Jumapili yake padri akahubiri juu ya jambo hilo kwa ukali bila kusema amelitoa wapi.

Nilipenda kuwaambia: mji hausemi unachokiwaza, unakitafuta.

Nilidhani ni mzaha mzuri.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa ninayoisimulia, kaburi la mtoto wa Eulogio Benítez lilikutwa limefukuliwa. Mtoto alikuwa na siku arobaini alipokufa kwa homa. Sanduku dogo lilikuwa limepasuliwa ubavuni. Eulogio ndiye aliyeshuka shimoni kukusanya kilichobaki, akakitia ndani ya shuka, na alipopanda juu watu waliona kwamba shuka haikuwa nzito kama ilivyopaswa kuwa.

Kwetu kuna kitu kinachofukua wafu. Mwanamke akizaa watoto saba wa kiume mfululizo, bila binti katikati, yule wa saba ndiye Luisón. Siku za Jumanne na Ijumaa, jua likishazama, hugeuka nusu mbwa nusu mtu, akala makaburini. Jina halitamkwi. Watu husema "yule". Basi wiki ile hakuna aliyetamka chochote. Walikaa kwenye mabenchi, vichwa chini, nyuso zikimulikwa na simu.

Na mji wetu ulikuwa na mtoto wa saba mmoja tu.

Taciano Ovelar alikuwa mtengeneza ngozi, kule chini kijitoni. Mrefu, mkavu, amepauka kwa chokaa anayolowekea ngozi. Alinuka. Sitamsafisha kwa sababu ni marehemu: alinuka mzoga, na mbwa walimkwepa. Ukishinda na ngozi mbichi miaka ishirini na wewe utanuka. Lakini ndiye aliyenishonea majalada ya vitabu vyote vya zamani vya maktaba, na kila Alhamisi mchana tulikunywa tereré pamoja, ile chai yetu ya majani na maji ya barafu, kikombe kimoja na mrija mmoja, kama wanavyokunywa watu wanaoaminiana. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimeanza kuzingoja Alhamisi.

Alhamisi iliyotangulia Ijumaa ile tulikuwa tumekaa nje ya maktaba akapita Ña Blásida, yaani Bi Blásida, mama anayeongoza sala za maiti na kushika funguo za kanisa. Taciano akamnyooshea kikombe, kama adabu inavyotaka. Ña Blásida akautazama mrija. Akasema ameshakunywa. Kisha akafuta mdomo kwa khanga ya bega, kana kwamba mrija umemgusa.

"Huyo mama amenichoka," alisema Taciano.

"Huyo mama amemchoka kila mtu."

Alicheka. Mimi pia.

Jioni yake Ña Blásida alirudi peke yake. Alitaka nimchapie ukurasa wa yule, kwa herufi kubwa, maana macho hayamsaidii. Nilifurahi, na hilo sitalificha. Miaka mitatu nilikuwa nikiwabembeleza wazee wasome.

"Haya umeandika wewe, mwalimu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Ña Blásida."

"Na ni ya kweli?"

"Kila sentensi ina chanzo. Kisicho na chanzo nakifuta."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Kisicho na chanzo nakifuta. Ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu. Wazee walikuja na maneno ya bibi zao, dawa, ndoto, tahadhari, nikawauliza: kitabu gani, ukurasa wa ngapi? Waliondoka wamenuna. Nilijiona mwadilifu sana, maana hata bibi yangu mwenyewe sikumpendelea.

Bibi Eusebia alikuwa na sentensi mbili juu ya Luisón. Ya kwanza ilikuwa: *Damu yake usiimwage, itakayemgusa ndiye atakayefuata.* Nilipouandika ule ukurasa niliiweka mwishoni. Mwaka mmoja baadaye nikaupitia, nikaona aibu. Nikaifuta. Sababu ya kufuta, niliandika: haina chanzo.

Ya pili sikuwahi hata kuiandika.

Basi, Ijumaa. Jua lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya miwa, jekundu. Niliwasha mashine ya kuchapa, orodha ikatoka. Niliichukua nikiwa natafuta gundi kwa mkono mwingine.

Luisón, mara mia tatu na kumi na nane.

Mtoto wa saba, mia moja tisini.

Risasi, mia na kumi.

Panga, tisini na tisa.

Nikacheka kidogo. Mji mzima unacheza woga, nikajiambia. Kisha nikaona ya tano.

Kutengeneza ngozi.

Nilisoma tena. Mji wa watu wazima mia tisa, ambao hawajawahi kujali viatu vyao vinatoka wapi, walikuwa wamefungua ukurasa wa kutengeneza ngozi mara themanini na saba. Na zote, kisanduku kilisema, ni tangu asubuhi ya siku ile.

Umeme ukakatika.

Nilitoka nje. Saa kama ile uwanja huwa umejaa. Hakukuwa na mtu. Kwenye benchi moja kulikuwa na themosi ya tereré, barafu bado inagongana ndani.

Hakuna redio... hakuna mtoto anayelia... hakuna mbwa anayebweka.

Nikapanda pikipiki. Barabara ya kushuka kijitoni inapita kwenye nyumba kumi na nne, na zote zilikuwa zimefungwa. Kwetu panga hutundikwa kwenye nguzo ya baraza. Nilizitazama nguzo nikipita. Moja. Nyingine. Nyingine.

Misumari mitupu.

Harufu ya chokaa na ngozi mbichi ilinipokea kabla sijaona kitu. Kisha nikaona taa za simu, labda thelathini, zimefanya duara. Hawakuwa na kelele. Hicho ndicho sijakisahau. Nilikuwa nimetarajia ghasia, nikakuta darasa.

Taciano alikuwa amepigishwa magoti kati ya mapipa ya chokaa, mikono imefungwa nyuma kwa kamba zake mwenyewe za ngozi. Sikio lake moja lilikuwa limeshakatwa. Lilikuwa chini, karibu na goti lake, dogo, limejaa mchanga. Fulgencio, mchinjaji wa mji, mtu mwenye tumbo na vichekesho, alikuwa ameshika karatasi ya herufi kubwa, anasoma kwa taa ya simu. Alisoma polepole, kwa kidole, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwenye darasa la watu wazima.

"Ngozi iliyopauka," alisoma.

Mtu akammulika Taciano usoni.

"Harufu ya mzoga."

Mtu akacheka puani.

"Huuawa kwa panga lililopakwa nta ya mshumaa wa kanisa. Au kwa risasi iliyobarikiwa."

"Zuni," Taciano alisema. Alikuwa ameniona. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba maji. "Zuni, waambie."

Nikajipenyeza katikati. Nilisema mambo mengi. Nilisema ngozi inapauka kwa chokaa. Nilisema makaburi mapya hufukuliwa na tatú, mnyama wa magamba anayechimba usiku, tena ukurasa wake upo, niliuandika, una picha. Walinitazama kwa uvumilivu. Baadaye niliangalia: wiki ile ukurasa wa tatú ulifunguliwa mara sifuri.

Basi nikatumia kilichobaki.

"Kuna sentensi haipo hapo," nilisema. "Niliifuta mimi. Damu yake haifai kumwagwa. Itakayemgusa ndiye atakayefuata."

Eulogio Benítez, baba wa mtoto, alikuwa amesimama mbele yangu na panga. Nta ilikuwa imekauka kwenye makali, nyeupe. Hakuwa amelala siku nyingi. Aliniuliza taratibu, bila kejeli, kama mwanafunzi anayetaka kujua kweli:

"Chanzo chake nini, mwalimu?"

Niliitazama karatasi mkononi mwa Fulgencio.

"Nimekuuliza. Kitabu gani?"

"Bibi yangu."

Wakacheka. Si wote, ila walitosha. Mtu nyuma akasema kumbe leo mabibi wanaruhusiwa. Ña Blásida akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Aliye na panga lake afanye. Giza linaingia."

Pigo la kwanza liliingia begani, si shingoni, kwa sababu Eulogio alikuwa analia. Nilisikia mfupa. Unasikika kama mtu anayevunja muwa. La pili lilimpasua shavu mpaka meno yakaonekana, na Taciano akawa anajaribu kusema jambo kwa mdomo ambao hauzibi tena. Nilimrukia Eulogio, mtu akanishika nywele, akaniangusha kwenye tope la chokaa. La tatu. La nne. Baada ya hapo hakuwa Eulogio peke yake. Walipokezana. Damu iliruka ikampata Fulgencio kwenye ndevu, akaipangusa na kuitazama kidoleni kama mtu anayeonja mchuzi.

Waliponiachia, nilitambaa hadi kwake. Nikatia mikono yote miwili kwenye shingo yake kujaribu kuziba. Damu ilikuwa moto. Ilinijaa hadi vifundoni, ikapita. Alinitazama kwa jicho moja. Mtu akasema nisogee, nikakataa, na bunduki ikalia kando ya sikio langu.

Kisha tukangoja.

Maana ukurasa unasema akifa hugeuka. Niliandika hivyo, na chanzo kipo. Walisimama na simu zao wakimmulika, wakingoja manyoya, wakingoja pua irefuke.

Hakugeuka.

Alikuwa Taciano, amekufa, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka.

Dakika zikapita. Mwanamke mmoja akatapika. Fulgencio akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna maandishi.

Ndipo mbwa walipoanza. Mji mzima kwa pamoja, kisha karibu zaidi... kisha hapo hapo, kwenye ukingo wa taa zetu, macho mengi ya kijani. Walikuwa mbwa wetu wenyewe. Nilimwona Motaka wangu katikati yao, nywele za mgongo zimesimama.

Hakuna aliyemtazama maiti.

Walitutazama sisi.

Polisi walikuja kutoka mji mkubwa siku tatu baadaye. Walimhoji kila mtu na hakuna aliyekuwa ameona. Mimi niliwaambia yote, majina na mapigo. Waliandika, wakapoteza walichoandika. Siwashangai. Unaanzaje kuwafunga watu thelathini?

Wiki ya pili mkewe alimkuta Fulgencio makaburini, Jumanne, jua likizama. Mume alikuwa amepiga magoti, udongo umejaa mdomoni. Mkewe alimgusa bega. Fulgencio akamng'oa vidole viwili kwa meno na kuvimeza mbele yake, kisha akalia akiomba msamaha, vidole viko tumboni. Wanawe walimfunga kamba kwenye kitanda. Ijumaa wakakuta ameutafuna mkono wake hadi kiwiko. Alitokwa na damu akafa, na mwanawe mkubwa ndiye aliyemwosha.

Eulogio hakuonekana tena. Shati lake lilikutwa kwenye kaburi la mtoto wake, ambalo lilikuwa limefunguliwa upya. Shuka ilikuwa tupu.

Ña Blásida alipata tone moja kwenye kiatu. Alivichoma vyote viwili, na tangu hapo anatembea pekupeku.

Mimi niliirudisha ile sentensi. Niliiweka mwanzoni safari hii, si mwishoni, kwa herufi nzito. Mahali pa chanzo niliandika: Eusebia Riquelme, kwa mdomo, na mwandishi, kwa kushuhudia. Nikabandika tangazo mlangoni kwamba ukurasa umesahihishwa. Nilitaka wasiuane tena. Hilo tu.

Motaka analala nje siku hizi. Nikimwita, anajikojolea. Mikono yangu ina harufu ya ngozi mbichi ambayo sabuni haiigusi. Jumatano na Jumamosi asubuhi naamka na udongo chini ya kucha. Nimejieleza kwa utulivu, kama mtu msomi: ni bustani.

Sina bustani.

Leo ni Ijumaa. Jua linashuka kwenye miwa. Nimechapa orodha na iko hapa mbele yangu.

Luisón, mara mia tatu sabini na saba.

Mkutubi, mia mbili na nne.

Kamba, themanini na nane.

Kunyonga, themanini na sita.

Hakuna panga. Hakuna risasi. Wameusoma ukurasa wote kwa uangalifu, wameifuata ile sentensi, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue maktaba hii mji wangu umeheshimu chanzo. Bibi angecheka.

Nimechungulia dirishani. Mabenchi yamejaa. Hakuna anayetazama simu. Wote wanautazama mlango. Ña Blásida amekaa mbele, miguu mitupu, mapajani ana kitu kimekunjwa vizuri kama taulo. Ni kamba za ngozi. Nazijua. Ni kazi ya Taciano, hazikatiki.

Amebisha mara moja tu, kwa adabu.

"Mwalimu," amesema kwenye ufa wa mlango, kwa upole wa kweli, "usiogope. Hatutamwaga hata tone."

Nimemjibu nakuja, nabandika orodha kwanza.

Ningeweza kumwambia sentensi ya pili ya Bibi. Ni fupi. Nilikuwa na miaka tisa, alininong'oneza huku akinisuka: *Asiyetoka damu hafi.* Nimeifikiria. Nimefungua ukurasa, nimeweka kidole pale panapofaa. Halafu nimemkumbuka Eulogio akiniuliza kitabu gani, na wale waliocheka, na jicho moja lililokuwa likinitazama kwenye tope la chokaa.

Nimeufunga.

Haina chanzo. Bado.